Tajiri Akiugua, Nani Alipe Mishahara?

Tarehe 13 Mei 2006, katika uwanja wa Hampden jijini Glasgow, Gavin Skelton alipiga penalti ikagonga mwamba, na timu yake ya Gretna ikalikosa Kombe la Scotland mbele ya Hearts. Tarehe 13 Mei 2008, Skelton huyohuyo aliwafunga Hearts haohao bao pekee la mchezo. Gretna ilishinda 1-0, na haikucheza tena. Mwezi haujaisha, wafanyakazi waliobaki walikuwa wameshaachishwa kazi. Kufikia Agosti klabu ilikuwa imefilisiwa rasmi.

Watu wa mpira wanapenda kuisimulia habari hii kama hekaya: kijiji kilichoota ndoto kikaamka. Mimi sina kipaji cha hekaya. Nimekula mshahara wa serikali miaka mingi nikikagua vitabu vya vyama vya ushirika, Tanga kwanza na baadaye Kilimanjaro, na kazi ile ilinizoesha kuanza na swali moja kila nilipofika penye chama kilichoanguka: hapa nani alikuwa akisaini hundi, na siku asipokuwepo, nani mwingine angesaini? Kwa Gretna jibu halichukui hata mstari mzima wa ripoti. Alikuwa mmoja. Alipougua, hakuna aliyesaini.

Nikisema hivyo barazani, wenzangu huniambia, "Mzee, acha mambo ya Wazungu, tuongelee dabi." Sawa, dabi tutaiongelea. Lakini sijaona mahali ambapo kosa hili limefanyika waziwazi kuliko Scotland, wala mahali ambapo limerudiwa mara nyingi hivyo.

Gretna ni mji mdogo ulioegemea mpaka wa Scotland na England. Wakazi wake hawafiki 4,000. Watu wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya kitongoji cha jirani, Gretna Green. Mwaka 1754 England ilianza kutumia sheria kali ya ndoa, na vijana waliokataliwa na wazazi wakawa wanavuka mpaka kwenda kuoana huko, ambako sheria ilikuwa haiwabani. Mhunzi wa kijiji aliwafungisha ndoa mbele ya fuawe lake, na hata timu ya mpira ikaja kupewa jina la utani la fuawe. Klabu yenyewe ilianzishwa mwaka 1946, na sehemu kubwa ya maisha yake ilicheza katika ligi za upande wa England, kwa kuwa safari za huko zilikuwa fupi na wapinzani walikuwa wa kimo chake. Ilikuwa timu ya Jumamosi ya watu wanaofahamiana.

Iliingia katika ligi ya Scotland mwaka 2002, na namna ilivyoingia inafaa kukumbukwa. Klabu ya Airdrieonians, iliyoanzishwa mwaka 1878, ilikuwa imekufa kwa madeni. Nafasi ikawa wazi, klabu kadhaa zikaomba, Gretna ikachaguliwa. Watu wa Airdrie hawakukubali kubaki bila timu, kwa hiyo Jim Ballantyne, mfanyabiashara wa upande wao, akainunua Clydebank, klabu nyingine iliyokuwa hoi kifedha, akaihamishia Airdrie na kuibadilisha jina. Mashabiki wa Clydebank wakaachwa wameshika skafu za timu isiyokuwepo, wakalazimika kuanza upya huko chini kabisa. Hesabu hiyo ikae kichwani: klabu moja imekufa kwa madeni, ya pili imehamishwa na watu wake wameachwa barabarani, ya tatu imepata nafasi. Ile ya tatu ilikuwa na miaka sita tu mbele yake.

Halafu akaja Brooks Mileson.

Nataka nimtendee haki mtu huyu, maana ni rahisi kumfanya mwizi, na mwizi hakuwa. Alizaliwa Sunderland, akavunjika mgongo utotoni, akapona, akawa mkimbiaji, kisha akawa tajiri kwa biashara ya bima. Alikuwa na nywele ndefu za mkia, suruali ya jinzi na sigara isiyozimika. Nyumbani kwake aliweka hifadhi ya wanyama waliojeruhiwa na kutelekezwa. Alitoa fedha kwa vyama vya mashabiki wa klabu nyingi ambazo hakuwa na hisa hata moja. Kwenye ukaguzi nimekutana na wenyeviti waliojenga nyumba kwa fedha za pamba na kahawa ya wanachama. Mileson alikwenda njia ya kinyume, akaimwaga ya kwake mwenyewe kwenye mali ya watu wengine. Sina neno baya la kumwambia kuhusu moyo wake. Neno langu linahusu utaratibu.

Fedha yake ilifanya kazi upesi ajabu. Msimu wa 2004/05, daraja la chini kabisa la ligi, Gretna ilicheza mechi 36, ikashinda 32, ikafunga mabao 130 na kumaliza na pointi 98. Mfungaji wao mkuu, Kenny Deuchar, alikuwa daktari wa hospitali kweli, si kwa jina la utani. Msimu uliofuata wakachukua ubingwa wa daraja la juu yake, na katikati ya hapo wakafika fainali ya Kombe la Scotland, timu ya kwanza kutoka daraja la tatu kufanya hivyo. Katika nusu fainali waliipiga Dundee 3-0. Katika fainali walitanguliwa, wakasawazisha kwa Ryan McGuffie aliyemalizia penalti iliyokuwa imeokolewa, wakashindwa kwa matuta 4-2. Kwa kuwa Hearts walikuwa wameshapata tiketi ya Ligi ya Mabingwa kwa kumaliza wa pili katika ligi, Gretna wakapewa ile ya Kombe la UEFA. Timu ya kijiji ikaenda Ulaya, ikakutana na Derry City ya Ireland Kaskazini, ikafungwa 5-1 katika mechi ya kwanza. Haidhuru. Tarehe 28 Aprili 2007, siku ya mwisho ya msimu, James Grady alifunga dakika za majeruhi ugenini kwa Ross County, 3-2, na Gretna ikapanda Ligi Kuu. Madaraja matatu kwa misimu mitatu mfululizo.

Sasa tushike kalamu. Uwanja wao, Raydale Park, ulikuwa ukiingiza watu 2,200 hivi. Tuseme umejaa kila mechi ya nyumbani, jambo ambalo si kweli, na kila mtu amelipa pauni 10. Hiyo ni pauni 22,000 kwa mechi. Kwa mechi 18 za nyumbani unapata pauni 396,000. Upande wa matumizi, tuseme wana wachezaji 25 wa kudumu, na kila mmoja analipwa pauni 500 kwa wiki, mshahara ambao mchezaji wa kulipwa wa kule angeuona mdogo. Kwa mwaka ni pauni 650,000. Bado kocha, daktari, basi, hoteli, umeme, nyasi, kodi ya serikali. Hizi ni namba zangu za kukisia, nimeweka mapato kwa ukarimu na matumizi kwa ubahili kusudi, na bado kitabu hakifungi. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoka mfukoni mwa mtu mmoja, mwezi baada ya mwezi. Kadiri timu ilivyoshinda ndivyo tofauti ilivyopanuka, kwa sababu mchezaji wa daraja la juu analipwa kwa bei ya daraja la juu, lakini kijiji hakiongezeki watu kwa sababu timu yake imepanda.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema Mileson "aliwekeza". Uwekezaji unaacha kitu nyuma: jukwaa, uwanja wa mazoezi, ardhi yenye hati. Fedha iliyoingia Gretna sehemu kubwa ilikuwa ya kulia chakula. Ililiwa, ikaisha, ikaja nyingine.

Ligi Kuu ya Scotland nayo ilikuwa na masharti yake. Ilitaka kila klabu iwe na uwanja wa viti 6,000. Usishangae, mji wa watu wasiofika 4,000 ulidaiwa viti 6,000. Mipango ya kuipanua Raydale ilichorwa, haikujengwa. Kwa hiyo Gretna ikapanga uwanja wa Motherwell, Fir Park, zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani. Mechi ya kwanza ya "nyumbani" ilikuwa dhidi ya Falkirk, Agosti 2007, wakafungwa 4-0. Ukitaka kuishangilia timu ya kijiji chako ilikubidi upande gari, upite mashamba na vilima vya kusini, ufike kwenye uwanja wa watu wengine, na nyasi zenyewe zikiwa zimechakaa kwa kuchezewa na timu mbili.

Mpwa wangu alikuwa akisoma Glasgow wakati huo. Alikwenda Fir Park na mwanafunzi mwenzake kwa sababu tiketi haikuwa na foleni. Akanipigia usiku: "Shikamoo mjomba. Leo nimeangalia mechi ya Ligi Kuu, nikamsikia kocha akikohoa." Nilidhani ananitania. Tarehe 5 Aprili 2008, Gretna dhidi ya Inverness, waliohesabiwa uwanjani walikuwa 431. Hakuna mechi ya Ligi Kuu ya Scotland ya zama zile iliyopata watu wachache kuliko hiyo. Mimi nimeona watu wengi zaidi kwenye mkutano wa chama cha msingi siku ya kugawa malipo ya pili.

Kufikia siku ile Gretna ilikuwa tayari mgonjwa mahututi. Mileson, ambaye afya yake haikuwahi kuwa imara, alizidiwa mwezi Februari. Fedha zikakatika. Mishahara ikachelewa. Machi klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa kisheria, yaani mtu anayekabidhiwa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni aone kama kuna kinachookoleka, na kwa mujibu wa kanuni ikakatwa pointi 10. Watu kadhaa wakapoteza kazi palepale. Ligi yenyewe ikalazimika kutoa fedha ili mechi zilizobaki zichezwe, si kwa huruma, bali kwa sababu timu ikijitoa katikati ya msimu msimamo wote unaharibika na wanunuzi wa matangazo ya televisheni wanadai chao. Gretna ilimaliza na pointi 13. Mnunuzi hakupatikana. Ikashushwa moja kwa moja hadi daraja la chini kabisa, kisha Juni ikajiondoa yenyewe kwenye ligi. Mileson alifariki Novemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 60.

Najua wapo wasomaji walioshaitaja methali kimoyomoyo: mtegemea cha ndugu hufa maskini. Siikubali hapa. Inambebesha lawama anayepokea peke yake. Muuza chai wa Raydale Park angefanya nini? Akatae mshahara mpaka aonyeshwe taarifa ya benki ya mwenye timu? Lawama yangu naipeleka mezani kwa wenye mamlaka. Klabu ilipokuwa inagonga mlango wa Ligi Kuu, mjadala mkubwa ulikuwa viti. Viti vinahesabika, unaweza kumtuma karani. Lakini ambaye angekagua mkoba wa klabu angeona kitu ambacho hata mwanafunzi wa cheti cha uhasibu angekiwekea alama nyekundu: biashara yenye chanzo kimoja cha mapato, na chanzo hicho ni binadamu mwenye maradhi.

Wapo wanaonijibu, na jibu lao lina uzito. Wanasema: bila Mileson hakungekuwa na Hampden, hakungekuwa na Derry, hakungekuwa na bao la Grady. Bora miaka mitano ya raha kuliko hamsini ya kufungana na majirani. Nikiwa shabiki pengine ningesema hivyohivyo; raha ya mpira haina stakabadhi. Ila anayesema hivyo ni aliyenunua tiketi. Hasemi kwa niaba ya mtunza nyasi, ya kocha wa watoto, wala ya mwenye basi aliyedai nauli akaambiwa ajiandikishe kwenye orodha ya wadai. Klabu inapofilisiwa, wadogo ndio wanaosubiri mwisho wa foleni. Raha ilikuwa ya wengine, bili ikawa ya kwao.

Na kuna njia ambayo ingewapa vyote viwili. Mileson angeweza kufungua akaunti ya amana, akaweka humo mishahara ya miezi 12, funguo zikawa kwa wadhamini wasio yeye, na klabu ikasajili kulingana na kilichomo. Timu ingepanda polepole zaidi. Labda isingefika Ligi Kuu kabisa. Lakini siku aliyolazwa, watu wangelipwa Ijumaa kama kawaida, na wangekuwa na mwaka mzima wa kutafuta mwenye timu mwingine au kupunguza kikosi kwa heshima. Halihitaji sheria ya Bunge jambo hili. Linahitaji ligi kusema: leta hati ya akaunti hiyo, au usipande.

Tuwarudie Hearts, wale waliolinyakua kombe siku ile. Msomaji anaweza kudhani siku ile Hampden ilikuwa timu ya mfadhili dhidi ya klabu kongwe iliyojitosheleza. Sivyo. Hearts nao walikuwa mkononi mwa mtu mmoja, Vladimir Romanov, mwenye benki huko Lithuania. Fainali ile ilikuwa mifuko miwili ikipigiana penalti. Mfuko wa Romanov ulichelewa kupasuka. Mwaka 2012 mishahara ilikuwa ikisuasua, mwanzoni mwa 2013 benki yake ya Ukio Bankas ikaanguka, Juni Hearts ikaingia kwa msimamizi wa kisheria kama Gretna, ikakatwa pointi 15 na mwisho wa msimu ikashuka daraja.

Lakini Hearts haikufa. Kwa nini? Ukubwa umesaidia, sikatai. Edinburgh si Gretna. Kilichoamua, hata hivyo, ni kwamba watu maelfu walikubali kukatwa fedha kidogo kila mwezi kwenye akaunti zao, kupitia chombo walichokiita Foundation of Hearts. Mfanyabiashara Ann Budge alitanguliza fedha ya kuinunua klabu mwaka 2014, wakamrudishia taratibu, na Agosti 2021 hisa nyingi zikahamia kwa mashabiki. Wachangiaji ni watu 8,000 hivi. Wakiugua 10 mwezi huu, klabu haitatambua. Mtu anayekagua hesabu anapoona mapato ya namna hiyo hulala usingizi.

Sisemi umiliki wa mashabiki ni dawa ya kila homa. Nimekagua vyama vya wanachama, nawajua wanachama. Wanaweza kumchagua mwizi kwa kura zote na kumpigia vigelegele. Wanaweza kukataa kulipa ada na bado wakadai bingwa. Lakini ukimiliki pamoja na wenzako una haki ya kuuliza, na mkutano mkuu una tarehe. Motherwell, walewale walioipangisha Gretna uwanja, waliwahi kuwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2002. Tangu 2016 mashabiki ndio wenye hisa nyingi. Mwaka 2024 alikuja Erik Barmack, Mmarekani aliyewahi kuwa kiongozi Netflix, na pendekezo la kuingiza fedha kwa sharti ambalo lingeshusha hisa za mashabiki chini ya nusu. Wakapiga kura. Wakakataa. Wapo waliowaita wajinga kwa kuikimbia fedha. Mimi nawaita watu waliosoma mkataba kabla ya kusaini, na hao si wengi duniani.

Ungedhani Scotland nzima imejifunza. Oktoba 2024 Inverness, hao waliocheza na Gretna mbele ya watu 431, waliingia kwa msimamizi wa kisheria na kukatwa pointi 15. Klabu hiyo ilikuwa imechukua Kombe la Scotland mwaka 2015. Kama ilivyo desturi, tajiri wa mjini, Alan Savage, akafungua pochi kuinusuru. Nimefurahi kwa ajili yao, na moyo wangu umeniuma vilevile, kwa sababu tumeshaiona picha hii. Mwezi uliofuata ikaja zamu ya Dumbarton, mabingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya Scotland pamoja na Rangers mwaka 1891. Sababu iliyotolewa: klabu iliuza ardhi na malipo ya ardhi hiyo hayakuingia. Katika lugha ya wakaguzi hiyo ni fedha ya kwenye karatasi, na fedha ya kwenye karatasi hailipi mshahara wa golikipa.

Dumbarton hao ndio waliocheza mechi ya mwisho ya Third Lanark, Aprili 1967, wakashinda 5-1. Third Lanark ilikuwa bingwa wa Scotland mwaka 1904, na mwaka 1961 ilimaliza ya tatu katika ligi. Miaka sita baadaye haikuwepo, baada ya uongozi wa Bill Hiddleston uliokuja kuchunguzwa na serikali. Ngazi za zege za uwanja wao wa Cathkin Park zipo hadi leo kusini mwa Glasgow, miti imeota katikati yake, na watoto wanacheza mpira chini. Kwa hiyo hili la Gretna si ajali ya mtu mmoja mwenye moyo mkubwa. Kule lina umri wa kustaafu.

Na Gretna je? Nafasi yao katika ligi ilichukuliwa Julai 2008 na Annan Athletic, majirani wa kilomita chache tu, timu ndogo iliyojijua ni ndogo. Mwaka 2023 Annan walipanda daraja kwa mara ya kwanza tangu waingie ligini, baada ya miaka 15, bila mtu yeyote kuwaandikia hekaya. Mashabiki wa Gretna nao walikaa, wakaunda klabu mpya, wakaiita Gretna 2008, wakaanzia ligi ya mashariki ya Scotland, na mwaka 2010 wakarudi Raydale Park. Haina nyota. Ina jezi nyeusi na nyeupe, na wanaoiendesha wanaweza kuilipia.

Nilisema dabi tutaiongelea. Huku kwetu tuna kanuni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 ya klabu zao, na Simba na Yanga zimetumia miaka kadhaa zikijadiliana na matajiri wao juu ya asilimia 49. Ni kanuni nzuri na naiunga mkono. Lakini asilimia 51 ya hisa haina kazi kama asilimia kubwa ya mishahara inatoka kwa mtu wa pembeni ambaye hana mkataba unaomlazimisha kutoa. Unaweza ukawa na kura zote ukumbini, na yeye akawa na swichi ya taa.

Kwa hiyo ewe mwenye kadi ya uanachama, ya klabu kubwa au ya timu ya mtaani kwako, mkutano mkuu ujao usiende kuuliza usajili wa straika tu. Simama, taja jina lako na namba ya kadi, uliza: mishahara ya miezi 12 ijayo iko kwenye akaunti gani, nani anaweza kuizuia, na imeandikwa wapi? Wakikwambia muda umekwisha, omba swali lako liingie kwenye muhtasari wa kikao, usikae mpaka umemwona katibu anaandika.